Mafundi wenzangu, tuache akiba kiunoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu mafundi cherehani na wateja wao.

Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, kila kibanda cha fundi kinapokea ombi lile lile: mzazi anataka sare "ya kukulia". Fundi anaongeza inchi tatu kiunoni, anapitisha lastiki mzunguko mzima, na mtoto anaondoka na kaptura iliyojikusanya kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba. Kwa watu wazima tunafanya kinyume chake. Suruali ya ofisini inakatwa kwa kipimo cha siku ile ile, akiba yote, yaani kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani ya mshono, inanyolewa na kisu cha ovaloki, ile mashine inayofunga ukingo kwa uzi huku ikiukata, na baada ya muda mfupi kifungo hakifungi. Mteja anarudi, fundi anafungua mshono, anakuta ndani mna robo inchi. Hapo hakuna ujuzi unaoweza kumsaidia.

Suruali au sketi inaweza kupanuka na kubana kiunoni kwa inchi mbili hadi tatu na bado ikaonekana imekatwa na mtu anayejua kazi. Uamuzi huo lakini hufanyika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Ukiuahirisha mpaka nguo imekwisha kushonwa, unabaki na lastiki ya mzunguko mzima, na hiyo ndiyo inayofanya suti ifanane na nguo ya kulalia.

Nianze na mwili wenyewe. Mtu aliyesimama ana kiuno kimoja, akikaa ana kingine, akishiba ana cha tatu. Kati ya kusimama na kukaa, kwa watu wengi kiuno kinaongezeka inchi moja, kwa wenye tumbo inchi moja na nusu au zaidi. Fundi anayepima mteja aliyesimama, amebana pumzi kwa haya, anashona nguo ya mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo pima mara mbili: akiwa amesimama na kupumua kawaida, kisha akiwa amekaa kwenye kiti kigumu. Avae shati atakalochomekea. Andika vipimo vyote viwili daftarini, pamoja na hipsi mahali zilipo nene zaidi. Tofauti ya vipimo viwili vya kiuno ndiyo inayokuambia nguo hii inahitaji kucheza kiasi gani kwa siku. Akiba ya kunenepa na kukonda ni hesabu nyingine, nitaifikia.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mbele pabaki pametulia. Tumbo hupanuka kuelekea mbele, na kwa sababu hiyo mafundi wengi hukimbilia kuweka lastiki mbele. Matokeo hayapendezi. Mbele ndipo penye zipu, penye marinda kama yapo, na ndipo mstari wa pasi unapoanzia. Mikunyanzi ikianza hapo, mstari wa pasi unapinda na zipu inajikunja mfano wa wimbi. Macho ya mtu anayekutazama yanaanzia hapo pia. Kazi yote ya kupanua na kubana ifanyike nyuma na ubavuni, mahali ambapo koti, shati au mkono unapaficha. Tumbo likisukuma, kitambaa cha mbele kitavuta cha nyuma, na nyuma patatoa nafasi.

Ya pili ni hipsi. Mkanda wa kiuno ukipanuka huku hipsi zimebana, mifuko ya ubavuni inafungua mdomo na kitambaa kinachora mistari ya kulala chini ya zipu. Mteja atadhani kiuno bado ni kidogo, fundi naye ataongeza kiuno tena, na tatizo liko inchi saba chini yake. Suruali ya kiuno kinachorekebishika iwe na nafasi ya inchi mbili kwenye hipsi kwa mzunguko mzima, kama kitambaa hakivutiki. Ukiwa na kitambaa chenye nyuzi za kuvutika, inchi moja inatosha.

Sasa tuje kwenye akiba. Suruali nzuri ya kiume ina mkanda wa kiuno wa vipande viwili vinavyokutana katikati ya nyuma. Wengi wetu tunakata mkanda mmoja mrefu kwa sababu ni haraka, na hapo ndipo mlango wa marekebisho unapofungwa: huwezi kupanua mshono wa nyuma bila kubandua mkanda wote. Kata vipande viwili. Shona kila kipande kwenye upande wake wa suruali, na bitana ya mkanda ikiwa tayari imeungwa juu, halafu piga mshono wa nyuma mara moja kutoka msambani kupanda mpaka juu ya mkanda, kitambaa na bitana yake pamoja. Fungua mshono kwa pasi, geuza bitana ndani, ishikize kwa mkono. Mteja akinenepa, unafumua kipande cha inchi sita au saba tu na kazi inakwisha kwa nusu saa.

Akiba ya mshono huo iwe inchi 2 kila upande kwenye mkanda, ipungue taratibu hadi inchi 1 kwenye makalio, na nusu inchi tu pale mshono unapopinda kuingia msambani. Ukiacha nyingi kwenye ule mpindo, kitambaa kinakaza na suruali inambana mtu akikaa. Kwa hesabu hiyo unaweza kutoa inchi 3 kiunoni na inchi 1 kwenye makalio na bado ukabaki na nusu inchi ya kushonea. Asiyeamini afungue suruali ya suti ya mtumba pale nyuma: nyingi zimeachwa akiba ya namna hii, ndiyo maana mtu mwingine anaweza kuzivaa baada ya mwenyewe kuzichoka.

Ovaloki ndiyo adui mkubwa hapa. Ukishona kwanza kisha ukapitisha ovaloki kwenye pindo zote mbili pamoja, kisu kinakula akiba na pindo zinafungwa zisifunguke. Pitisha ovaloki kwenye kila kipande kabla ya kuunganisha, kisu kikiramba nyuzi zilizochomoza tu. Kumbuka pia kwamba kitambaa kilichofichwa ndani hakipati jua. Baada ya mwaka wa kufuliwa na kuanikwa, rangi ya nje imefifia na ya ndani iko vilevile, hivyo ukitoa akiba, mstari mweusi unaonekana. Kwa nyeusi na bluu ya giza mwambie mteja mapema. Alama ya matundu ya sindano na mkunjo wa zamani hupungua ukipiga pasi ya mvuke kupitia kitambaa kilicholowekwa maji yenye siki kidogo, sehemu moja ya siki kwa tatu za maji. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kupunguza kuna mpaka wake. Ukiingiza nyuma zaidi ya inchi mbili, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kugusana, na mishono ya ubavuni inahamia nyuma. Kutoka hapo gawanya: inchi moja nyuma, inayobaki ubavuni, hata kama inakulazimu kufumua mkanda.

Akiba ni ya miezi na miaka. Kwa mabadiliko ya asubuhi na jioni tunahitaji kitu ambacho mvaaji anakirekebisha mwenyewe, na hapa kuna njia kadhaa. Nitakaa zaidi kwenye ile ambayo mafundi wetu wanaikosea mara nyingi, nayo ni nusu lastiki iliyofichwa, yaani lastiki inayopita nyuma tu ndani ya mkanda.

Tuchukue mteja mwenye kiuno cha inchi 34 akisimama na 35½ akikaa. Kata mkanda wake ufikie 36 ukiwa umenyooka: mbele 18½, nyuma 17½. Nyuma acha inchi 2 za katikati, moja kila upande wa mshono, zibaki bila lastiki, ili siku ya kutoa akiba usikutane na lastiki imevuka mshono. Zinabaki sehemu mbili za inchi 7¾ kila moja, kati ya mshono wa ubavuni na pale katikati. Chukua lastiki ngumu isiyojikunja, ile yenye mistari ya wima inayoifanya isimame, upana inchi 1¼, kwa mkanda wa kiuno ambao ukimalizika una inchi 1½. Kata vipande viwili vya inchi 7¾, yaani urefu uleule wa sehemu yenyewe. Nusu inchi ya kila ncha ipite nje ya sehemu na kushonewa kwenye eneo lenye gamstifu, kile kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi ili mkanda ukakamae. Lastiki inayofanya kazi inabaki inchi 6¾, na kila upande unajivuta inchi moja. Mkanda ukilegea una 34, ukinyooka una 36. Ndivyo mwili wa huyu bwana unavyotaka.

Mambo yanayoharibika ni haya. Kwanza gamstifu. Ukilibandika mkanda mzima, lastiki haina nguvu ya kukunja kitambaa kilichokakamaa, na ikifanikiwa inatoa mikunjo minene yenye kona. Bandika gamstifu mbele yote, liingie nusu inchi nyuma ya mshono wa ubavuni, na kwenye zile inchi mbili za katikati. Sehemu za lastiki ziachwe laini. Pili, uwiano. Kila inchi nane hivi za sehemu yenye lastiki zisikusanye zaidi ya inchi moja ya kitambaa. Ukivuka hapo mikunyanzi inaonekana hata chini ya koti, na mteja anayetaka zaidi apewe njia nyingine. Tatu, upana wa njia ambamo lastiki inapita ndani ya mkanda. Lastiki ya inchi 1¼ ikiwekwa kwenye njia ya inchi 2 itapinduka ndani siku ya kwanza ya kufuliwa, na ikiwekwa kwenye njia ya inchi 1¼ kamili haitateleza. Njia iizidi lastiki kwa robo inchi au pungufu kidogo.

Nne, na hili ndilo linalowaumiza wengi: kushona juu ya lastiki kwa urefu wake. Kila mstari wa sindano unaopita juu ya lastiki unairefusha na kuikatakata nyuzi za mpira ndani. Mistari mitatu ya mapambo inatosha kuifanya ilegee kabla mteja hajalipa. Lastiki ipite huru ndani ya njia, ishonwe kwenye ncha zake tu, na pale ubavuni mshono uzame ndani ya mfereji wa mshono uliopo ili usionekane. Kama ni lazima kuizuia isizunguke, mstari mmoja mfupi wa wima katikati ya kila sehemu unatosha. Sindano namba 90 inafaa kwa tetroni na gabadini nyepesi, na pale ubavuni ambapo tabaka zinafika saba au nane weka namba 100, punguza unene wa pindo kwa kuzikata kwa ngazi, na zungusha gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga pedali kwa nguvu.

Njia ya pili ni vikazio vya ubavuni, vile vitepe vinavyovutwa na kufungwa kwa kifungo au bizimu. Wanaodhani hii ni mitindo ya vijana wajue kwamba jinzi za Levi's za mwanzoni, baada ya hataza ya rivet (vile vipini vya chuma vinavyokaza kona za mifuko) ya mwaka 1873, zilikuwa na kikazio chenye bizimu nyuma ya kiuno. Lupu za mkanda wa ngozi zilikuja mwaka 1922, na kikazio kiliondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kubana matumizi ya chuma na kitambaa. Washonaji wa suti wa Uingereza wao hawakukiacha hadi leo.

Kikazio hubana tu, hakipanui, kwa hiyo mkanda ukatwe kwa kipimo kikubwa. Kwa mteja wetu yule yule, 36. Tengeneza kitepe cha tabaka mbili chenye upana wa inchi 1¼ kikiisha, na gamstifu kwenye tabaka moja tu. Ncha yake ishonewe kwenye mkanda inchi 2½ nyuma ya mshono wa ubavuni, ikielekea mbele. Kifungo cha kwanza kikae nusu inchi mbele ya mshono, cha pili inchi 1¼ mbele ya hicho. Mvaaji akihamia kifungo cha pili pande zote mbili, kiuno kinashuka hadi 33½. Kitambaa kinachozidi kinajikunja chini ya kitepe chenyewe, ndiyo maana hapo, inchi mbili kuvuka mshono, mkanda usiwe na gamstifu. Mafundi wanaosahau hili hupata uvimbe ubavuni, wanapiga pasi, uvimbe unarudi.

Mdomo wa mfuko wa ubavuni uwekewe utepe wa pamba kwa ndani kabla ya kushona, kwa sababu kikazio kinauvuta mfuko kila kikifungwa, na mfuko wa mshazari ukikatwa bila utepe utalegea na kuachama. Halafu chagua: vikazio au lupu. Nguo yenye vyote viwili humfanya mtu avae mkanda wa ngozi juu ya vifungo, na hapo inavimba pande zote. Mimi ningeacha lupu, ingawa najua wateja wengi wa kwetu hawatakubali suruali isiyo na pa kupitisha mkanda. Kwa hao nusu lastiki inafaa zaidi.

Kuna njia ya tatu, ya mkanda wa mbele kuteleza juu ya wa nyuma pale kwenye mdomo wa mfuko, na lastiki fupi ikivuta kwa ndani. Suruali nyingi za wanaume za dukani zinazoandikwa kiuno cha starehe zimetengenezwa hivyo. Inapendeza sana kwa sababu haitoi mkunyanzi hata mmoja: mkanda wa mbele unaendelea inchi mbili kupita mshono wa ubavuni, na wa nyuma unaingia chini yake. Ugumu uko kwenye mfuko. Kitambaa cha ndani cha mfuko lazima kiwe na rinda la inchi 1 lililofichwa, la sivyo mfuko ndio utakaouzuia mkanda usiteleze na hatimaye utachanika kwenye kona ya juu. Anayetaka kujifunza asijaribie kitambaa cha mteja. Ashone kiuno kitupu, bila miguu, kwa kitambaa cha bei ndogo.

Kwa wanawake habari ni ile ile, ila zipu inaleta mambo yake. Sketi solo nyingi zina zipu nyuma na kulabu moja juu. Fundi akiombwa nafasi anaweka vishikio viwili vya kulabu, kimoja robo tatu ya inchi kutoka kingine. Kulabu inahamishwa, lakini zipu haijahama, na juu yake panabaki pembe iliyoachama. Hamisha zipu ubavuni, kushoto, na nyuma iachiwe kazi ya kupanuka. Ukiwa na dati mbili nyuma, yaani mikunjo iliyochongoka inayobana kiuno, zinazomeza inchi moja kila moja, zishone za nusu inchi, na ile inchi iliyobaki uikabidhi kwa lastiki ndani ya mkanda kwa utaratibu nilioueleza juu. Sketi itakaa vilevile kwenye makalio, na dati hizo ndogo zitazuia mikunyanzi isishuke chini ya mkanda. Kwa mama aliyejifungua karibuni, ambaye kiuno chake kitapungua kwa miezi kadhaa, usimshonee lastiki kubwa. Mshonee kipimo cha leo, weka vikazio, kisha aje apunguziwe.

Gauni la kitenge lililobana kiunoni ni suala jingine, kwa sababu mikunyanzi inavunja maua ya kitambaa. Hapo lastiki isiguswe. Acha akiba ya inchi 1½ kwenye kila mshono wa ubavuni kuanzia kwapani hadi hipsi, na ikatwe vijikato vifupi pale kiunoni ili isivute, vijikato visiingie zaidi ya nusu ya akiba. Bitana ikiwepo nayo iachiwe akiba ile ile. Wapo wanaoiacha kwenye kitambaa wakaisahau kwenye bitana, na siku ya kupanua bitana ndiyo inayochanika.

Narudi kwenye sare za watoto, ambako fedha nyingi za wazazi zinapotea. Mtoto wa miaka sita hadi kumi anarefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kiuno chake kinaongezeka sentimita 2 hivi, ambayo haifiki inchi moja. Kwa hiyo inchi tatu anazoongezewa kiunoni zinamtosha miaka mitatu na zaidi, wakati kaptura ya tetroni inayofuliwa kila siku ya pili imekwisha makalioni zamani. Kinachokimbia ni urefu. Mzazi anayetaka nguo ya kukulia aombe pindo la chini: inchi 2 kwenye kaptura, inchi 3 kwenye sketi na suruali ndefu, lishonwe kwa mkono ili lishushwe bila kuacha mstari wa cherehani. Kiunoni inchi mbili zinatosha, na ziwe za kurekebishwa.

Chombo kinachofaa hapa ni lastiki yenye matundu, ambayo matundu yake yako kila sentimita 2 hivi. Upana wa sentimita 2 unatosha kwa mtoto. Kabla hujaunganisha mkanda kwenye kaptura, toboa kwenye upande wake wa ndani matundu mawili ya wima yaliyozungushwa uzi kama matundu ya vifungo, urefu wa inchi moja, moja kila ubavu, inchi 1½ nyuma ya mshono. Nyuma ya kila tundu pabandikwe kipande cha gamstifu cha inchi mbili kwa mbili, kwa sababu mtoto atavuta na kitambaa kitupu kitararuka. Shona kifungo bapa, kikubwa kidogo kuliko cha shati, inchi moja mbele ya kila tundu, kwa ndani. Kifungo chenye shina kisitumike, kitamchoma mtoto kwenye nyonga akikaa kwenye dawati. Pitisha lastiki kutoka tundu moja hadi jingine kupitia nyuma, ikunje ncha zote mbili na kuzishona ili zisichanike wala kuzama ndani.

Urefu wa lastiki uwe sawa na nyuma nzima pamoja na inchi nne. Ziada hiyo inaning'inia ndani na kuwekwa kwenye vifungo, na mzazi anaiachia tundu moja moja mtoto anavyokua. Tundu moja kila upande ni sentimita 4 za lastiki, lakini usitarajie kiuno chote kiongezeke kiasi hicho, kwani lastiki ilikuwa imevutika na sasa imelegezwa. Kwa kawaida unapata nusu yake au zaidi kidogo, ambayo ni mwaka mmoja wa mtoto. Sketi ya marinda haihitaji lastiki hata kidogo: mkanda ukatwe na nyongeza ya inchi 2 ndani karibu na zipu, marinda mawili ya mwisho yashonwe kwa bandi imara, yaani mshono wa muda, badala ya mshono wa kudumu, na yafunguliwe wakati ukifika.

Wenye tenda za sare za shule watasema haya yanachelewesha kazi. Ni kweli kwamba matundu mawili na vifungo viwili kwa kila kaptura ni muda. Lakini anayeshona kaptura mia moja anaweza kutoboa matundu yote ya mikanda kwa mkupuo kabla ya kushona nguo yoyote, na muda unaobaki ni wa kushona vifungo tu. Bei ijumlishe kazi hiyo waziwazi, mzazi aambiwe analipia nini. Vyuo vya ufundi, VETA vikiwemo, vinafundisha kukata suruali, na ningependa kuona mwanafunzi anapimwa pia kwa kupanua suruali aliyoishona mwenyewe, maana hapo ndipo inapojulikana kama aliacha akiba.

Mteja naye ana wajibu wake. Useme kabla ya kukatwa kitambaa kwamba unataka kiuno cha kurekebisha, na useme ni cha siku au cha miaka. Kwa suruali ya mtu mzima ongeza sentimita 10 za kitambaa, na mabaki usimwachie fundi, kwani kikazio kikichakaa kitatengenezwa humo. Unapochukua nguo, geuza ndani nje, tazama katikati ya nyuma: kama pindo zimefunguka pande mbili na kila moja ina inchi mbili juu, umeshonewa. Kama zimefungwa pamoja na ovaloki, uliza palepale. Kaa kitini ukiwa umeivaa, uone kama mifuko inaachama.

Lastiki yenyewe inaogopa moto na klorini. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, kwa hiyo isipitishwe juu ya sehemu ya nyuma ya mkanda. Pigia mbele na miguuni, nyuma iguswe kupitia kitambaa kibichi na kuondolewa upesi. Jiki inakula nyuzi za mpira hata ikichanganywa na maji mengi, na jua kali la kila siku linazikausha, hivyo nguo ianikwe imegeuzwa na kiuno kikiwa kivulini. Pamoja na hayo yote lastiki itakufa kabla ya kitambaa. Fundi anayejua hilo huacha inchi 1½ ya bitana ya mkanda, karibu na kila ubavu, imefungwa kwa mkono tu, ili lastiki mpya ipitishwe kwa pini bila kufumua mkanda.

Fundi mshonaji,
Morogoro